Risala ya Wafugaji wa Mwatiko kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvuna Bwawa

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wa dini, wazee na majirani zetu,

Karibu bwawani. Umetukuta na tope miguuni; utuwie radhi, nyavu zinavutwa leo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulianza kwa hasara. Tulileta vifaranga wa sato kutoka bwawa la maji baridi, tukawamwaga moja kwa moja kwenye bwawa hili linalojazwa na bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Kulipokucha walikuwa wanaelea matumbo juu. Wapo waliosema tumerogwa. Ofisa uvuvi alipofika alituambia samaki wetu wamekufa kwa kiu, nasi tukacheka.

Kumbe ni kweli. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na majimaji ya mwilini mwa sato hayafiki hata nusu ya hapo. Maji hukimbilia penye chumvi nyingi, kama kitunguu cha kachumbari kinavyotoka maji ukikifikicha kwa chumvi. Changu au tasi hulipia maji anayopoteza kwa kunywa bahari yenyewe, kisha seli maalumu za matamvua huisukuma chumvi nje, na mkojo wake ni mchache. Sato wa ziwani shida yake ni kinyume: maji humwingia bila kuyaomba, kwa hiyo kutwa anakojoa, huku matamvua yakifyonza chumvi haba iliyomo majini. Angeweza kuzoezwa chumvi kiasi, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Sisi hatukumpa hata saa moja.

(Papa ana ujanja wake: hulimbikiza damuni urea, ile taka itokayo na mkojo, mpaka akalingana na bahari. Akianza kuharibika hunuka kama mkojo, na hilo mama zetu wa sokoni walilijua kabla ya wataalamu.)

Ndipo tukahamia kwa mwatiko. Huyu huzaliwa baharini, akiwa mchanga huingia mikokoni, na matamvua yake hubadili kazi kufuata maji. Masika mvua hulipunguza bwawa chumvi. Kiangazi jua huyakausha maji hadi yaishinde bahari kwa ukali, naye anakula tu. Ila nguvu anayoitumia kusukuma chumvi haigeuki nyama, hivyo maji yakikaa makali muda mrefu, mizani inatuumbua.

Hapo ndipo lilipo ombi letu. Chumvi tunaipima kwa ulimi. Mzee wetu mmoja ana ulimi hodari, lakini akishikwa na mafua kikundi kizima tunapapasa gizani. Tunaomba kipima chumvi kimoja cha mkononi, kile cha kudondoshea tone la maji na kuchungulia kwenye mwanga. Tunaomba pia mbao za lango la maji upande wa bahari, maana zilizopo zimeoza.

Mwatiko wa kuchoma yuko tayari pale mkekani.

Tunaomba kuwasilisha.