Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Lamu: tuanzie nyuma ya friji

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya nishati,

Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu, mimi ni fundi wa friji hapa Amu, mji wa Lamu. Riziki yangu iko nyuma ya vitu ambavyo wateja wanaviona kwa mbele: friji za soda, friza za nyama, mashine za barafu, viyoyozi vya mahoteli. Nimekaa na neno hili muda mrefu, nikaona nikuandikie hadharani, maana wenye maduka na mikahawa nao linawahusu.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye duka moja Langoni. Mwenyewe ni mzee ninayemjua tangu siku nilipokuwa nambebea fundi wangu mkoba. "Mwanangu," akaniambia, "friji hii inakula tokeni kuliko watoto wangu wanavyokula mkate. Gesi imekwisha, itie." Nikaitazama. Ilikuwa friji ya kioo ya vinywaji, imesukumwa hadi ukutani, magunia ya sukari ubavuni, katoni za majani ya chai juu yake mpaka darini. Tukaivuta watu wawili. Nyuma alikuwa paka amezaa, wana wanne, wamelala pale kwa raha kwa sababu pana joto.

Wageni wanakuja kuwapiga picha paka wa Amu. Sisi mafundi tunawajua kwa manyoya yao. Manyoya, vumbi la unga na chumvi ya bahari vilikuwa vimeshikana kwenye kondensa, ule wavu wa mabomba unaotoa joto, mpaka vimekuwa kama kipande cha godoro. Gesi ilikuwa tele. Nikawahamisha wana wa paka kwenye boksi, nikachukua brashi ya rangi nikasugua, nikabadilisha mpira wa mlango uliokuwa umepasuka pembeni, nikaiacha friji mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja. Tukanywa kahawa. Baadaye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikazima yenyewe, kimya. Mzee akashtuka: "Imekufa?"

"Imepumzika," nikamwambia.

Alikuwa hajaisikia ikinyamaza kwa muda mrefu hata akasahau kwamba friji hunyamaza.

Friji, Mheshimiwa, haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Ukiziba mahali pa kulitupia, joto lile linarudi na mashine inahangaika mchana na usiku. Tuchukue friji ya wati 250. Ikifanya kazi saa 24 bila kusimama, inakula yuniti 6 kwa siku (yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima), 180 kwa mwezi. Ile ile, ikipumzika nusu ya muda kama inavyotakiwa, inakula 90. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya tokeni ya leo, kisha utembee Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kuanzia Mkunguni uhesabu friji za mlangoni. Mimi nimezihesabu, na kidole changu kimoja kinatosha kuonyesha zilizosafishwa nyuma mwaka huu.

Kwa nini nikuandikie wewe na si kuwahubiria wenye maduka? Kwa sababu sheria imewaruka. Kanuni za kitaifa za usimamizi wa nishati za 2012 zinataka jengo linalotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka likaguliwe matumizi yake kila miaka mitatu, na mwenyewe atekeleze angalau nusu ya akiba itakayoonekana. Ni kanuni nzuri, lakini imewalenga wenye viwanda na majumba makubwa. Friji ya mzee wangu, hata ilipokuwa haizimi, ilikuwa haifiki yuniti 2,200 kwa mwaka. Duka lake lingehitaji friji kama ile zaidi ya 80 ndipo mkaguzi abishe hodi. Hapa kwetu hakuna wa kumkagua muuza sukari, na hakuna wa kumwambia chochote, isipokuwa mimi, nami naitwa mashine ikishaungua.

Na wewe uwezo unao. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi na usimamizi wa nishati, na Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandike mpango wake wa nishati. Nikisikia mpango wa nishati ukitajwa kwenye vikao, nasikia sola, taa za barabarani, visiwa ambavyo havijaungwa. Vyote ni haki, na ndugu zetu wa vijiji visivyo na stima watangulie. Ila ukurasa mmoja, Mheshimiwa, uwe wa stima ambayo tayari imefika na inapotelea dukani.

Tuna sababu nyingine sisi watu wa Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi. Nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini tangu siku ile kila nikisikia mtu akituuliza, "Mmekataa makaa, basi mnataka nini?", nafikiria friji zile. Wakubwa wangu wanakumbuka kabla gridi ya taifa haijatufikia, stima ya Amu ikitoka kwenye majenereta ya dizeli, na kila yuniti ikija baharini kama mafuta. Zama zile mtu alizima taa akitoka chumbani. Gridi imekuja, adabu ile imeondoka.

Nirudi kwenye friji ile ya kioo, kwa maana ina siri nyingine. Si ya mzee. Kampuni ya vinywaji ilimletea bure, kwa mkopo, kwa sharti kwamba asitie ndani ila bidhaa zake. Aliyeichagua friji halipi stima, na anayelipa stima hakuichagua. Kampuni inatazama uzuri wa kioo na taa za ndani zinazovuta macho ya wapita njia, taa zinazowaka hata duka likiwa limefungwa na njia haina mtu ila punda. Soda haiozi usiku. Friji ya soda peke yake ikizimwa saa tano za usiku ikawashwa alfajiri, mteja wa saa nne asubuhi hatajua kitu. (Ya maziwa na nyama usiiguse, ile ikae chini ya nyuzi 5, na friza iwe kwenye 18 chini ya sifuri. Namwambia kila mtu, kwa sababu yuko atakayesoma barua hii nusu.) Ninachoomba ni kidogo: kila friji ya mkopo inayoshushwa gatini ije na karatasi mlangoni, iandikwe kwa Kiswahili inakula yuniti ngapi kwa siku. Kanuni za 2016 zimeweka kibandiko cha nyota (nyota nyingi, ulaji mdogo wa stima) kwenye friji zinazouzwa nchini ili mnunuzi alinganishe. Anayekopeshwa naye ana macho.

Taa sitakaa nazo sana, zinajulikana. Duka lenye balbu kumi za zamani za wati 60, zikiwaka saa 12 kwa siku, linakula yuniti 216 kwa mwezi. Balbu za LED za wati 9 zenye mwanga kama ule zinakula 32 na kitu. Na balbu ile ya zamani karibu yote ni joto, kwa hiyo mwenye duka ananunua jiko dogo dogo kumi, kisha ananunua feni ya kupambana nazo.

Majengo ndiyo yananiuma. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka mui wetu kwenye Urithi wa Dunia, na watu wanadhani ni kwa ajili ya milango ya nakshi. Ingia nyumba ya kale saa nane mchana wakati wa kaskazi, ujionee: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kama dhiraa moja, dari ya boriti iko juu, kiwanda cha ndani, ule ua wazi wa katikati, kinatoa joto, kichochoro chembamba kinaweka kivuli. Wazee walijenga hivyo bila waya hata mmoja. Leo duka jipya linajengwa kwa tofali jembamba na mabati yasiyo na dari, baraza linazibwa kwa alumini na kioo kinachotazama magharibi, halafu mwenyewe ananipigia simu: fundi, njoo unifungie kiyoyozi. Nafunga, nina watoto wa kulisha. Lakini joto nalitupa wapi? Kwenye kichochoro ambamo punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Jirani anafungua dirisha apate upepo, anapata pumzi ya moto ya duka la mwenzake, naye wiki inayofuata ananiita.

Ufaransa mwaka 2022 ilikataza maduka yenye kiyoyozi kuacha milango wazi, faini ikafika euro 750. Kwao ina maana. Kwetu duka ni mlango. Ukiufunga umefunga biashara, na salamu za wapita njia umezifungia nje. Ndiyo maana nasema kiyoyozi si dawa ya duka la Amu. Feni ya darini inakula wati 70 hivi, kiyoyozi kidogo kinaweza kula 1,000. Mabati yakitiliwa dari, au paa la saruji likipakwa chokaa nyeupe kila mwaka kama tunavyopaka kuta, feni inatosha siku nyingi za mwaka. Kaunti inapopitisha ramani ya duka jipya, Wiyoni au Mokowe, iulize mambo mawili tu: paa lina nini chini yake, na joto la friji litatokea wapi.

Mikahawa ni wateja wangu wakubwa, nao nitawasema kwa mapenzi. Nimeona friza iliyopangwa bega kwa bega na jiko la gesi, kwa sababu mpishi hataki kutembea hatua sita kufuata samaki. Nimeona sufuria ya mchuzi wa nazi ikitiwa kwenye friji ingali inafuka moshi, mvuke ukaganda kwenye mabomba ya ndani kama pamba, na ile pamba inazuia baridi isitoke. Friza yenye barafu nene kuliko kidole inafanya kazi ya kulinda barafu yake yenyewe. Mwezi wa Ramadhani ndio balaa: tangu alasiri mlango wa friji haufungiki, juisi zinaingia, vitoto vinatumwa barafu, na kuanzia Isha simu yangu haipumui. Mama mmoja muuza mbaazi, ambaye hana friji hata moja, ananishinda kwa akili ya nishati: analoweka mbaazi zake tangu usiku na kuzipika kwenye sufuria iliyofunikwa, mkaa wake unabaki. Hakufundishwa na mtu. Mkaa anaulipia kwa mkono wake kila asubuhi, basi anauona ukiisha.

Sasa, leseni ya biashara inahuishwa kila mwaka, na afisa wa afya anapita mikahawani kutazama usafi. Anayepita na apite na kijana mmoja kutoka vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo viko chini yenu, mwenye mita ndogo ya kuchomeka ukutani, tochi na brashi. Dakika kumi kwa kila duka: avute friji, asafishe, abane noti ya pesa kwenye mlango aone kama mpira unaishika, amwandikie mwenyewe yuniti zake kwenye karatasi. Kijana atapata mazoezi ambayo darasani hayapo, na mimi nitapoteza wateja, nimekubali. Ila nakuomba kwa heshima zote, Mheshimiwa, isije ikawa risiti nyingine. Siku ukaguzi huu utakapotozwa ada, wenye maduka watamkaribisha kijana kwa soda baridi na hataiona nyuma ya friji kamwe.

Kama hili linahitaji mtu wa kulionyesha, mimi nipo. Njoo asubuhi moja kabla ya saa mbili, kabla mikokoteni haijajaa njiani, tuanze Mkunguni tushuke hadi Langoni. Usije na kanzu nyeupe, manyoya ya paka hayatoki. Wale wana wanne wamehamia nyuma ya friji ya duka la pili, na nimeahidi kwenda huko Jumamosi.

Wassalamu,

Fundi wa friji, Langoni, Amu