Barua kwa Rafiki: Majaruba ya Mwea na Dishi za Karoo

Nairobi,
14 Juni 2024.

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako niliipokea wiki iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nikiliwaza swali lako: je, wanafunzi wako wa hisabati hapo Dodoma, ambao hawajawahi kushika darubini, wanaweza kufaidika na mafunzo ya data kubwa za falaki? Nakujibu bila kusita kwamba wanaweza, na pengine wao ndio wanaohitajika zaidi.

Itazame MeerKAT, darubini ya redio, yaani inayonasa mawimbi ya redio kutoka angani, iliyoko Karoo, Afrika Kusini. Ina dishi 64, kila moja yenye kipenyo cha mita 13.5, na picha ya anga hupatikana kwa kulinganisha mawimbi ya kila dishi na ya kila dishi nyingine. Wape wanafunzi wako hesabu hiyo. Watapata jozi 2,016. Kwa mpango wa SKA (Square Kilometre Array), mradi wa kimataifa wa kujenga darubini kubwa ya redio, dishi hizo zitaunganishwa na mpya hadi zifike 197, na hapo jozi zitakuwa 19,306. Data za namna hiyo hakuna anayezipakua kwenye kompyuta yake. Mwanafunzi huandika programu akiwa Nairobi au Accra, akaituma ikafanye kazi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, zilizo karibu na data, kisha akarudishiwa matokeo.

Mradi wa DARA (Development in Africa with Radio Astronomy), ulioanzishwa kwa ushirikiano wa Uingereza na Afrika Kusini, umewafundisha vijana wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, elimu hiyo ya darubini za redio, na tawi lake la data kubwa likaipeleka hadi kwenye kilimo na picha za setilaiti. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, na acha nikueleze nilichokiona mwezi uliopita.

Nilikuwa na vijana sita, tukifunza kompyuta kutambua mafuriko kwa picha za rada za Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya ambayo data zake hutolewa bure. Rada hupenya mawingu, nayo maji yaliyotulia huonekana meusi kwa sababu mawimbi yakiyagusa huruka upande wa pili, hayarudi kwenye setilaiti. Programu yetu ikatia rangi ya buluu eneo kubwa la Mwea, hapa Kenya, na wengine wakafurahi kwamba imefaulu. Binti mmoja aliyekulia huko akasogea karibu na kioo, akafuata kwa kidole kingo zilizonyooka, akasema, "Haya si mafuriko. Haya ni majaruba, watu wanapandikiza mpunga." Tukafungua picha za wiki zilizofuata na kukuta mpunga umesimama, na majaruba yale yale yameanza kung'aa, kwa kuwa mimea hurudisha mawimbi ya rada. Siku nzima iliyobaki tuliitumia kurekebisha alama tulizoziweka kwenye picha za kufundishia kompyuta, kuonyesha palipo na mafuriko, na sijutii hata saa moja.

Kwenye falaki kosa ni lile lile. Mawimbi ya simu, ndege na setilaiti huingia kwenye dishi yakiwa na nguvu kuliko ya galaksi yoyote, na asiyeyajua huyadhania kuwa ugunduzi. Ndiyo maana naumia ninapoona kozi za wiki mbili zinazokimbilia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano, siku ya tatu, ilhali mshiriki hajui data zake zimetoka wapi wala ni nani aliyeziwekea alama. Kwa maoni yangu, nusu ya muda wote ingefaa kuwa ya kusafisha data na kuzihakiki, pamoja na watu wanaoijua ardhi inayopigwa picha.

Kwa hiyo wewe usisubiri darubini. Anza na Rufiji, ambako maji ya Aprili mwaka huu yalifunika mashamba na makazi, kwa kuwa picha za kabla na baada ya mvua zipo na hazilipiwi. Nitakutumia programu tuliyoitumia Mwea, ila nakuomba kabla ya yote unitafutie mwanafunzi aliyekulia bondeni huko, anayeweza kutuonyesha ni maji yapi hukaa mashambani kila mwaka na ni yapi yaliyokuja na mafuriko. Akipatikana, tupange kuzungumza sote watatu kabla mwezi huu haujaisha.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Nairobi