Mzinga uani kwako: kwa nini tunakushauri nyuki wadogo

Mteja akitupigia na kusema ana kiwanja cha mita 20 kwa 20 na anataka mzinga mmoja wa kujifurahisha, swali letu la kwanza ni nani anaishi upande wa pili wa ukuta. Jibu huwa lile lile: jirani, watoto wake, pengine mbuzi wawili na kuku. Basi mzinga wa nyuki wakubwa hatumuuzii, hata akiwa na pesa taslimu mkononi.

Nyuki wakubwa wa kwetu, wale wa bara wanaoitwa kitaalamu Apis mellifera scutellata na wale wa pwani, Apis mellifera litorea, si wa kufananisha na nyuki wa kwenye video za Ulaya, ambako mtu hufungua mzinga mikono mitupu. Nyuki akiuma huacha mwiba pamoja na harufu ya hatari, inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Hapa kwetu wito huo huitikiwa na mamia kwa muda mfupi, nao hufuatana na mtu mbali na mzinga. Mtu mzima atakimbia. Mbuzi aliyefungwa kamba atakimbilia wapi? Ndiyo maana manzuki, yaani mahali pa kufugia nyuki, huwekwa mita 200 au 300 kutoka kwenye nyumba, njia na mifugo, na mizinga hufunguliwa jioni ili giza liwatulize nyuki mapema. Ukiwa na shamba Kisarawe au Mkuranga, njoo tuzungumze. Kiwanja cha mjini hakina nafasi hiyo.

Kwa uani tunakushauri nyuki wadogo wasiouma. Warwick Kerr, mwanasayansi aliyepeleka nyuki wakubwa wa Afrika nchini Brazil mwaka 1956, ambao wakatoroka na kuenea sehemu kubwa ya Amerika, kwa asili yake alikuwa mtaalamu wa hawa wadogo. Laiti angebaki nao tu.

Ni nyuki gani hasa

Nyuki wadogo si watoto wa nyuki wakubwa. Ni jamii nyingine, Meliponini, na mwiba wao umedumaa kiasi kwamba hauwezi kuchoma. Wakichokozwa huingia kwenye nywele na masikio, hung'ata kidogo, na wengine hukupaka utomvu unaonata. Kofia yenye wavu inatosha.

Kwa anayeanza, aina mbili ndizo za kufikiria. Hypotrigona ni wadogo kweli, milimita 2 hadi 4 tu, na huenda tayari unao bila kujua: hukaa kwenye nyufa za ukuta, matundu ya fremu za milango, hata tundu la kitasa, na mlango wao ni kijibomba chembamba cha nta kinachotokeza nje. Meliponula ni wakubwa kiasi, hukaa kwenye mapango ya miti, na hao ndio wanaotoa asali ya kujaza chupa. Kuna wengine wanaoishi ndani ya vichuguu vya mchwa, na pwani wapo wanaoning'iniza kiota chao chini ya tawi. Hao waache walipo, hawakubali sanduku.

Sifa tunayoipenda zaidi kwa mteja mpya ni hii: malkia akishaanza kutaga, tumbo lake huvimba na hawezi tena kuruka. Nyuki wakubwa wakiudhika, kundi zima huondoka na mzinga ukabaki mtupu asubuhi. Nyuki wadogo hawana njia hiyo. Uzuri huo una upande wa pili, kwamba ukiwaweka mahali pabaya hawatahama, watakufa palepale.

Sanduku

Mzinga mzuri ni wa ngazi zinazopangwa moja juu ya nyingine. Wazo hilo lilichapishwa Angola mwaka 1955 na Virgílio de Portugal-Araújo, kisha likaendelezwa Brazil. Ngazi mbili za chini ni za majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, ya juu ni ya asali.

Kwa Meliponula, upana wa ndani uwe sentimita 18 kwa 18 na kila ngazi iwe na kimo cha sentimita 7 au 8. Kwa Hypotrigona, sentimita 9 kwa 9 na kimo cha 5 zinatosha. Watu hupenda kuwapa nafasi kubwa wakidhani ni hisani. Kundi dogo ndani ya sanduku kubwa hushindwa kutunza joto la majana na kulinda kila kona, na kona isiyolindwa ndiko wadudu wanakoanzia. Kati ya ngazi za majana weka ubao wenye tundu pana katikati, ili kiota kipande kuelekea juu. Chini ya ngazi ya asali sakafu ifungwe katikati, ibaki mianya ya sentimita moja na nusu pembeni tu. Hapo malkia hapandi na asali haichanganyiki na majana.

Mbao ziwe na unene wa sentimita 3 au zaidi. Kwa mzinga wa nyuki wakubwa ubao wa sentimita 2 unafaa, lakini hawa ni wachache na joto la saa nane mchana kwenye ubao mwembamba huyeyusha nta yao. Usitumie mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kutoka dukani. Dawa iliyowekwa ili iue mchwa haiwezi kutofautisha mchwa na nyuki. Rangi paka nje tu. Tundu la mlango liwe milimita 10 kwa Meliponula na 5 kwa Hypotrigona. Wao wenyewe watalipunguza kwa nta.

Kuhamisha kundi, na mahali linapoharibika

Kundi hupatikana kwenye gogo linaloanguka, kwenye ukuta unaobomolewa, au kwa mfugaji mwingine. Kukata mti mzima mbichi kwa ajili ya nyuki hatukufanyi wala hatununui kundi lililopatikana hivyo. Mtego wa chupa pia upo: chupa ya plastiki ya lita 2, ndani imesuuzwa kwa utomvu wa mzinga wa zamani ulioloweshwa kwenye spiriti na kukaushwa, nje imefungwa gazeti kisha plastiki nyeusi. Unaifunga kivulini karibu na kiota kilichopo na kungoja miezi. Wakiingia usiwaguse kwa miezi miwili mingine, kwa kuwa kundi jipya bado linachota nta na chakula kutoka kwa mama yake.

Siku ya kuhamisha iwe kavu na ya jua, na kazi ianze saa tatu asubuhi ili nyuki wapate mchana mzima wa kuziba nyufa. Pasua gogo polepole kwa patasi. Ndani utaona mafungu mawili: vijungu vya nta vyenye asali na chavua pembeni, majana katikati.

Majana ndiyo yanayoharibiwa na wengi. Nyuki wakubwa hulisha mtoto siku kwa siku. Nyuki wadogo hujaza chumba chakula cha majimaji, malkia hutaga yai juu yake, kisha chumba hufungwa moja kwa moja. Yai linaelea. Ukiligeuza sega chini juu, yai linazama na kufa, na hutajua mpaka wiki kadhaa zipite, uone kundi linapungua bila sababu. Kwa hiyo kila kipande kiingie kwenye sanduku kikiwa kimeelekea juu vilevile kilivyokuwa. Vyumba vya rangi ya kahawia iliyoiva vina mayai na funza wachanga. Vile vilivyopauka vina mabuu yaliyokwisha kujisokotea hariri na ni imara zaidi. Ukiwa na wasiwasi, hamisha vilivyopauka kwanza. Chini yake weka vijiti viwili vya nta ili nyuki wapite.

Malkia utamtambua kwa tumbo lake. Usimshike kwa vidole. Mwache apande kwenye kipande cha sega au mbebe kwa kijiko.

Vijungu vilivyopasuka usiviweke ndani kabisa. Tunasisitiza hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu makundi mengi yanayokufa katika wiki ya pili hufa kwa kosa hili. Asali na chavua iliyomwagika huita inzi wadogo wenye mwendo wa haraka wa kurukaruka, jamii ya Phoridae. Wanataga kwenye chavua, na kwa siku chache sanduku linajaa funza. Asali iliyomwagika ifute kwa kitambaa kibichi, chavua iliyo wazi itoe, na vijungu vizima tu ndivyo virudi. Kisha ziba kila kiungo kwa tepu ya karatasi na ubandike mlangoni kipande cha nta ya mlango wa zamani, ili waliotoka kutafuta chakula waijue nyumba yao kwa harufu. Ndani weka kichupa cha siki kilichotobolewa matundu ambayo inzi hupita na nyuki hapiti. Tazama baada ya siku tatu: ukikuta inzi wengi, badilisha siki kila siku mpaka waishe.

Sanduku likae pale pale gogo lilipokuwa hadi magharibi, mlango ukielekea upande uleule. Usiku, wote wakiwa wamerudi, ziba mlango kwa wavu na uwapeleke kwako. Kusogeza kundi kutoka kona moja ya ua hadi nyingine, mita 30 tu, ni kosa: wachumaji watarudi kona ya zamani na kupotea huko. Wapeleke kilometa 2 au zaidi, au wasiende kokote.

Uani

Jua la asubuhi, kivuli cha mchana, kimo cha mita moja hadi moja na nusu, bati juu lisiloligusa sanduku. Miguu ya stendi ipake grisi, au isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu, kwani siafu na sisimizi humaliza kundi kwa usiku mmoja. Maji peke yake hukauka. Kagua pia majani na matawi: jani moja la mgomba likigusa paa la sanduku, siafu wameshapata daraja.

Mwembe, mlonge, mrehani, kivumbasi, mpapai na alizeti vyote huwafaa, na mwembe huwapa pia utomvu wa kujengea. Tatizo kubwa la mjini ni dawa. Mkubaliane na jirani apulizie jioni baada ya saa kumi na mbili, na siku ya kufukiza mbu zibeni mlango kwa wavu tangu alfajiri na mfunike sanduku kwa kitambaa kibichi. Ikiwa unaishi kwenye nyumba ya kupanga, mwambie mwenye nyumba kabla, na halmashauri nyingi zina afisa nyuki ambaye anaweza kukueleza taratibu za eneo lako chini ya Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002.

Baada ya wiki ya kwanza acha kufungua. Kila ukifungua unavunja nta waliyoiziba, na kuiziba tena ni kazi ya siku kadhaa isiyoleta asali. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, inakupa habari zaidi: uzito ukipanda, kuna chakula; ukishuka mwezi mzima, changanya sukari na maji nusu kwa nusu, weka kwenye kifuniko cha chupa ndani ya ngazi ya juu pamoja na vijiti vya kukanyaga. Bila vijiti watazama.

Kurina

Mwaka wa kwanza usirine. Wa pili, subiri mwisho wa msimu wa maua na uchukue tu kutoka ngazi ya juu, vijungu vilivyofungwa. Bomba la sindano la mililita 50, bila sindano, likiwa na mpira mwembamba mbele, ndicho kifaa tunachouza sana: toboa kijungu juu, nyonya, nenda kingine. Vijungu hubaki na nyuki huvijaza tena. Waachie theluthi moja. Kundi la Meliponula lililokomaa likikupa lita moja au mbili kwa mwaka, limefanya kazi nzuri. Hypotrigona watakupa kikombe.

Asali hii ni nyepesi na ina uchachu. Wateja hurudi wakilalamika kuwa imechakachuliwa, kumbe maji yake ya asili huzidi mara nyingi asilimia 25, ilhali asali ya nyuki wakubwa huwekewa kikomo cha asilimia 20. Kwa sababu hiyo huchacha upesi. Ihifadhi kwenye friji, kwenye chupa iliyochemshwa na kukaushwa, na wiki za mwanzo kifuniko usikikaze sana, maana gesi inaweza kuipasua chupa. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kama asali nyingine yoyote.

Ukitaka tukupimie sanduku, tutumie picha ya mlango wa kiota ukiweka sarafu kando yake, na utuambie kilipo: ukutani, kwenye gogo au kwenye mti. Kwa picha hiyo tunajua ni aina gani na sanduku la ukubwa upi. Kazi ya kuhamisha tunaifanya kuanzia saa tatu asubuhi, na mvua ikinyesha tunaiahirisha.