Hudihudi ananuka kwa kazi maalumu, acheni kumpulizia dawa

Mhariri, salaam.

Naandika kutoka Ngamiani hapa Tanga kuhusu ile makala yenu ya ndege wanaochafua nyumba, mmemweka hudihudi kapu moja na kunguru, na mi naona mmemwonea. Kunguru sina la kumtetea, lakini hudihudi jamani, ndege wa Nabii Suleiman! Tena toka makala itoke watu mtaani wamepata kisingizio, juzi kuna jamaa kakuta kiota kwenye tundu la ukuta wa nyumba ya zamani, akamimina maji ya sabuni ya unga, akamalizia na dawa ya mbu, makinda wote chali. Ukimuuliza, eti wananuka.

Wananuka kweli, sibishi. Ukisogeza pua pale unapata harufu ya nyama iliyooza, na ukizidi kusogea makinda wanakufokea fsss fsss na kukurushia kinyesi. Ila hiyo harufu ina kazi yake. Ndege wengi wana katezi ka mafuta juu ya mkia, wanachota kwa mdomo wanajipaka kwenye manyoya. Kwa hudihudi dume hayo mafuta ni meupe, na jike naye ni hivyo hivyo mpaka msimu wa kutaga na kuatamia ufike, hapo yanageuka rangi ya kahawia na kuanza kunuka, na ya makinda nayo ni ya kahawia na yananuka, na wanaofanya mabadiliko yote hayo ni bakteria, enterokoka, wanaoishi ndani ya tezi yenyewe. Watafiti wa Hispania waliwachoma makinda sindano za antibayotiki, kemikali nyingi za ile harufu zikapotea. Na hao bakteria wanatoa vitu vinavyoua bakteria wengine, wakiwemo wale wanaokula manyoya ya ndege. Yaani dawa iko humo humo kwenye uvundo.

Kinachonifurahisha zaidi ni mayai. Yakitagwa yana rangi ya kijivu yenye ubuluu kidogo, mama anayapaka yale mafuta kwa mdomo, siku chache tu yashakuwa kahawia. Na ganda la yai la hudihudi lina vishimo vidogo sana, kwa macho huvioni, mafuta yanajaa humo pamoja na bakteria wake, na Wahispania hao hao waliona kwamba vikijaa vizuri yai lina nafasi kubwa zaidi ya kuanguliwa. Kwa hiyo ile kahawia unayodhani ni uchafu, kwa mwenye kujua ni alama kwamba mama ana bakteria wa kutosha, sasa wewe unakuja na sabuni ya unga.

Na sio hudihudi tu anayeonyesha afya kwa rangi. Wale mbayuwayu wa Ulaya wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Novemba hivi, makinda wao huko kwao wana vinywa vyekundu, na utafiti uliotoka 2000 kutoka Italia ulionyesha kinda ambaye kinga yake ya mwili imelazimishwa kupambana na kitu kigeni kinywa chake kinapauka, akipewa luteini, ile rangi iliyomo kwenye kiini cha yai, wekundu unarudi. Mzazi anapeleka chakula zaidi kwenye kinywa chekundu. Roho ngumu, lakini ndo hivyo.

Sasa mwenye nyumba afanye nini? Avumilie tu, makinda wanaondoka baada ya wiki nne hivi, na msimu ukiisha hata mama mwenyewe hanuki tena. Wakishatoka ziba tundu lako kwa saruji, hakuna atakayekulaumu.

Halafu mhariri, ile picha mliyoweka sio hudihudi, ni goregore. Angalieni, hana kishungi, ana mkia mrefu na mwili mweusi wa kung'aa. Ingawa naye ana bakteria wake kwenye tezi hiyo hiyo, na mmoja wa bakteria hao wanasayansi wa Afrika Kusini walimtangaza 2003 kama aina mpya kabisa ya bakteria, kwa hiyo naye msije mkamwandikia makala.

Msomaji wenu, Tanga