Wifi ya bisi za Kolwezi iwe ya kweli, siyo ya kwenye kioo tu

Bwana Mhariri,

Haya maneno ya wifi kwenye bisi yananiuma roho njo maana naandika. Mimi nauza vitenge, kila juma mbili napanda bisi hapa Lubumbashi naenda Kolwezi, kilometa kama 300 hivi. Mwezi uliopita nikaona bisi moja imebandikwa WIFI kwenye kioo, tiketi yao inapita ya wengine kwa franka 5,000, nikalipa kwa roho moja sababu nilikuwa na wateja wa kuwatumia picha njiani. Tunafika Luisha, hakuna kitu. Likasi ikarudi kidogo, nikatuma picha mbili, halafu kimya mpaka Fungurume. Nauliza resevere, yule wa tiketi, ananiambia mama, ni rezo ya simu ndiyo haiko, siyo sisi.

Ni kweli, lakini si walijua hivyo mbele ya kupokea franka zetu? Mtoto wangu anasoma mambo ya kompyuta kule chuo kikuu, Kasapa, alinieleza kile kisanduku cha ndani ya bisi kina kadi ya simu tu sawa na simu yangu, kinavuta rezo ya minara ya barabarani halafu kinagawia abiria, kwa hiyo pasipo na mnara wifi nayo haiko, na hata pale iko, tukiwa watu 50 halafu vijana wawili watatu wanafungua video za mpira, sisi wengine tunabaki kuangalia kale kaduara kanazunguka.

Wifi yenyewe siikatai hata kidogo. Kigali waliiweka kwenye bisi za mji toka 2016, na hapa kwetu njia ya Kasapa ingesaidia sana wanafunzi, wale wananunua mega za intaneti za mia tano mia tano. Starlink nayo ilipata ruhusa kwenye inchi yetu 2025, ile inatoka kwa setelaiti haingojei mnara wa barabarani, basi wenye bisi za mbali wafanye hesabu waone kama wanaweza.

Ila tulishachoka kulipia kitu hatukioni. RAM, ile taksi ya simu, ilitukata mayuniti toka 2020 mpaka ikafutwa 2022, nani alituonesha faida yake? Naomba wenye bisi waandike kwenye tiketi wifi inashika wapi na wapi, wafunge video, na siku haikushika waturudishie zile 5,000 palepale pakingi tukishuka, bila kutugombeza.

Mama muuza vitenge, Kamalondo, Lubumbashi