Rangi ya dizeli haisemi yote

Mhariri,

Wenye matatu na malori hapa Kisumu hudhani dizeli nyeupe imechakachuliwa. Si lazima. Dizeli safi huwa kati ya weupe wa maji na manjano hafifu, kutegemea mafuta ghafi na jinsi yalivyosafishwa. Ile nyekundu ya Marekani na Uingereza hutiwa rangi makusudi, kutambulisha mafuta yaliyopunguziwa au kusamehewa kodi, kama ya trekta.

Mafuta taa yakichanganywa kwenye dizeli, jicho halitambui. Tozo ya mwaka 2018 ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ililenga mchezo huo. Mafuta taa hupunguza ulainishaji, pampu na nozeli zikalika.

Ukungu ndani ya dizeli ndio wa kuogopa. Jaza dizeli kwenye chupa ya kioo, iache itulie saa moja. Maji, kwa uzito wake, hukaa chini. Ukiyaona, usiwashe injini. Mwaga maji ya tangi, fungua skrubu iliyo chini ya filta hadi itoke dizeli tupu, kisha utoe hewa iliyoingia kwenye mfumo wa mafuta.

Dizeli yenye rangi ya chai ya mkandaa mara nyingi imezeeka na utando wake huziba filta. Kubadilisha filta bila kuosha tangi ni kupoteza pesa.

Mafundi wa dizeli,
Kisumu