Barua ya wazi kwa wanangu mnaosoma sheria Marekani

Wanangu wapendwa, mliotoka Mombasa, Kigoma, Bujumbura na Goma mkaingia vyuo vya sheria vya huku,

Nawaandikia kuhusu mafunzo kwa vitendo, yale yanayoitwa ekstanshipu: unatoka darasani, unafanya kazi chini ya wakili au jaji, na chuo kinakuhesabia krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi uhitimu. Nataka myafanye, kila mmoja wenu. Lakini kuna jambo linalowapata ninyi wasemaji wa Kiswahili ambalo wenzenu darasani hawakutani nalo, na nimeliona mara nyingi mno kulinyamazia.

Mwanafunzi anapokewa kwenye shirika linalotetea waomba hifadhi. Wiki ya kwanza anaombwa amsaidie wakili kuzungumza na mama aliyetoka Uvira. Anakubali kwa moyo mmoja, huyo ni mtu wa kwao. Wiki inayofuata wanakuja wateja wengine. Muhula ukifika katikati, kijana amekuwa mkalimani wa ofisi nzima. Anatafsiri vyeti vya kuzaliwa, anapokea simu, anakaa kati ya wakili na mteja akipeleka maneno huku na huku. Hajaandika hata ukurasa mmoja wa hoja za kisheria. Shirika halina nia mbaya; wakalimani ni ghali, na katika mahakama ya uhamiaji serikali haimwekei mtu wakili kwa gharama yake, kwa hiyo foleni haiishi. Lakini krediti zile mmezilipia ada ili mjifunze uwakili.

Na kanuni ziko upande wenu. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, kinachovipa vyuo vya sheria ithibati, kinataka kila mwanafunzi wa JD, shahada ya msingi ya uwakili huku, apate si chini ya krediti 6 za masomo ya vitendo kati ya zile 83 au zaidi za kuhitimu. Ekstanshipu ni njia mojawapo ya kuzipata. Ili ihesabike, lazima pawe na makubaliano ya maandishi kati yako, wakili msimamizi na mwalimu wa chuo, yakieleza utafanya nini na nani atakupima. Wengi mnaisaini karatasi hiyo bila kuisoma. Mali bila daftari huisha bila habari, wanangu. Andikeni humo kwamba mtaongoza mahojiano na wateja, mtaandaa hati za kiapo, mtaandika hoja na kusomewa na kurudishiwa zikiwa na masahihisho, mtahudhuria kesi zikisikilizwa. Na ukalimani uandikiwe kikomo, tuseme usizidi robo ya saa zenu.

Najua tumelelewa kutomkatalia mkubwa. Si lazima ukatae. Sema tu: "Nitafurahi kusaidia, ila naomba mahojiano ya leo niyaongoze mimi, nawe unisikilize na kunisahihisha." Msimamizi mwema atakubali papo hapo. Asiyekubali, mpelekee taarifa mwalimu wako mapema, kabla muhula haujaisha. Kukusimamia ni sehemu ya kazi yake.

Mkipewa nafasi hiyo, lugha yenu inageuka kuwa nguvu ya kiuwakili. Tangu sheria ya REAL ID ya mwaka 2005, jaji wa uhamiaji anaweza kumwona mwomba hifadhi si mkweli kwa sababu ya tofauti yoyote katika maelezo yake, hata isiyogusa kiini cha dai. Mama aliyekimbia vita huenda akahesabu muda kwa mavuno, au kwa ujauzito wa mtoto fulani, wala si kwa tarehe. Wewe unayemsikia moja kwa moja ndiye utakayetambua kwamba "baada ya mavuno" imeandikwa kwenye fomu kama mwezi usio wake, nawe utamuuliza tena kwa upole mpaka hati ya kiapo ikae sawa. Ila mtoto wa Unguja asidhani anaelewa kila asemacho mtu wa Bukavu. Rudia maneno yake, muulize kama ndivyo alivyomaanisha.

Jambo jingine, nalo ni zito: siri. Jamii zetu huku ni ndogo. Mteja wako wa Jumanne utamkuta kanisani au msikitini, na mama yako mdogo atakuuliza, "Yule kesi yake imefikia wapi?" Jibu ni kimya chenye adabu. Hata kwenye zile kumbukumbu za tafakuri mnazomwandikia mwalimu, ondoeni jina, kijiji na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Kuna wateja wanaowaogopa watu wa kwao kuliko wanavyomwogopa jaji.

Kuhusu saa na fedha, pigeni hesabu mapema. Kwa kipimo cha ABA krediti moja ni kama saa 42 na nusu za kazi, na vyuo vingine hudai zaidi. Krediti 3 katika muhula wa wiki 13 ni karibu saa 10 kila wiki, juu ya masomo mengine. Hadi mwaka 2016 kanuni zilikataza kupata krediti kwa kazi ya mshahara. ABA iliondoa katazo hilo, lakini kila chuo kinajiamulia, kwa hiyo ulizeni. Na krediti za likizo ya kiangazi mara nyingi hulipiwa ada yake. Anayetuma fedha nyumbani kila mwezi hapaswi kugundua hilo mwezi wa sita.

Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, kwenu krediti ina uzito wa pekee, kwani ndiyo mara nyingi inayofanya kazi hiyo ionekane kuwa sehemu ya masomo na hivyo kuruhusiwa chini ya CPT, idhini ya kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo kabla ya kuhitimu. Kwa kawaida ni lazima uwe umesoma mwaka mzima wa masomo kwanza, ndiyo maana wengi wa LL.M., shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, hawaipati. Usianze hata siku moja kabla idhini haijaandikwa kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako. Msimamizi akikwambia "njoo tu, karatasi zitafuata," usiende. CPT ya kutwa ikifika miezi 12, unapoteza haki ya OPT, idhini ya kufanya kazi ya fani yako ambayo wengi huitumia baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya masomo. Ile isiyozidi saa 20 kwa wiki haina shida hiyo. Hata kama hulipwi, pitieni ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini, na mwende mapema, maana idhini huchukua muda na muhula hauwangoji.

Wenu anayewaombea heri,
Shangazi yenu, wakili mstaafu